Rafiki: hadhira iliyosemewa kabla haijatazama

Kila tamthilia mpya ya vijana inapogusa mapenzi ya jinsia moja na kuanza kusambaa kwenye simu, jina la Rafiki, filamu ya Kenya kuhusu wasichana wawili wanaopendana, hurudi vinywani mwa watu. Limerudi tena msimu huu, na pamoja nalo zimerudi kauli mbili ambazo kila mfuatiliaji wa sinema za Afrika Mashariki anazijua kwa ghibu. Ya kwanza inasema Wakenya waliikataa filamu ile, kwa hiyo yeyote anayeandika hadithi ya namna hiyo anajua kinachomngoja. Ya pili inasema Wakenya waliipokea kwa mikono miwili, tiketi zikaisha, na kilichowatenga na filamu yao ni ofisi moja tu ya serikali. Kwangu mimi kauli zote mbili zimepotoka, tena zimepotoka kwa njia moja: kila upande unaisemea hadhira ambayo haikuulizwa. Ukifuatilia yaliyotokea mwaka 2018 hatua kwa hatua, utaona kwamba ugomvi mkubwa ulihusu namna hadithi inavyokwisha. Swali lilikuwa kama msichana aliyependa asikotakiwa kupenda anaruhusiwa kufika mwisho wa filamu akiwa mzima na bado ana matumaini. Na watazamaji, walipopewa nafasi yao fupi, walifanya kitu ambacho hakiingii kwenye kauli yoyote kati ya zile mbili.

Tukumbushane filamu yenyewe, maana wengi wanaoizungumzia hawajaiona. Wanuri Kahiu aliitengeneza kutokana na hadithi fupi ya mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, iitwayo Jambula Tree, iliyoshinda Tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Kiafrika, mwaka 2007. Hadithi ya awali ilikuwa ya Kampala. Kahiu na mwandishi mwenzake Jenna Bass wakaihamishia Nairobi, katika mtaa unaoitwa Slopes. Kena, anayeigizwa na Samantha Mugatsia, amemaliza sekondari na anasubiri matokeo. Anacheza kandanda na wavulana, anaishi na mama mcha Mungu ambaye bado ana kidonda cha ndoa iliyovunjika, na anamsaidia babake dukani. Ziki, anayeigizwa na Sheila Munyiva, anatoka nyumba yenye pesa zaidi na hana subira na maisha aliyopangiwa. Baba zao wanagombea kiti kimoja cha wadi. Wasichana wanapendana, mtaa unawagundua, kundi la watu linawavamia na kuwapiga, na mwishowe wao ndio wanaojikuta kituo cha polisi wakidhihakiwa. Ziki anapelekwa London. Miaka inapita, Kena anakuwa daktari, Ziki anarudi, na filamu inakwisha kwa mkono unaomgusa Kena begani. Hiyo ndiyo filamu nzima, dakika themanini na kitu.

Aprili 27, 2018, KFCB, bodi ya kuainisha filamu nchini Kenya, chini ya Ezekiel Mutua, iliipiga marufuku. Sababu iliyotolewa ni kwamba filamu ina maudhui ya mapenzi ya jinsia moja na nia ya wazi ya kuyahamasisha kinyume cha sheria, na bodi ikaonya kwamba hata atakayepatikana na nakala atakuwa amevunja sheria. Mwezi uliofuata Rafiki ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi katika tamasha la Cannes, ikiwa kwenye kitengo cha Un Certain Regard. Kahiu akaenda mahakamani. Septemba 21 mwaka huohuo, Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku kwa siku saba ili filamu ipate kutimiza sharti la kuonyeshwa nchini Kenya na hivyo istahili kufikiriwa kwa tuzo za Oscar, ikionyeshwa kwa watu wazima walioridhia tu. Alisema hakuridhika kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi yake ya maadili kutikiswa kwa kutazama filamu. Mwishowe Kenya ilipeleka Oscar filamu nyingine, Supa Modo ya Likarion Wainaina. Mwaka 2019 Mugatsia alitwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, Burkina Faso. Na Aprili 29, 2020, Jaji James Makau wa Mahakama Kuu aliamua kesi yenyewe kwa upande wa bodi. Sitafuatilia hapa njia za rufani. Linalonishughulisha ni yale tuliyojiaminisha kuhusu watazamaji.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni lile alilolieleza Kahiu mwenyewe mara kadhaa: kabla ya marufuku aliambiwa abadili mwisho. Mwisho wake ulionekana una matumaini mno. Ulitakiwa mwisho wenye majuto zaidi, naye akakataa. Tulipime hilo polepole, kwa sababu linabadilisha sura ya kesi nzima. Kama tatizo lingekuwa ni mabusu, mtu angeombwa akate mabusu. Kama tatizo lingekuwa ni wasichana wawili kupendana, hakuna mwisho wowote ambao ungeiponya filamu, maana wanapendana tangu robo ya kwanza. Kudai mwisho tofauti ni kukiri kwamba mapenzi hayo yangeweza kuonyeshwa, mradi yalipiwe. Kena angeweza kumpenda Ziki kwa saa nzima mbele ya macho ya Wakenya, ilimradi dakika za mwisho zimkute kaburini, gerezani, au magotini akiomba msamaha.

Kwa hiyo tuache kusema bodi iliogopa mada. Waswahili tumeishi na mada nzito katika fasihi yetu kwa muda mrefu, na tuna mazoea yetu kuhusu miisho. Msomaji wa Kiswahili aliyepitia sekondari anaijua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Rosa wa Ukerewe analelewa na baba mkali anayemfungia kila mlango, anafika shuleni hajui lolote kuhusu mwili wake wala wanaume, anaharibikiwa, na mwisho anajiua. Kitabu kile nacho kilikatazwa mashuleni, eti kinaharibu vijana, ingawa mhusika wake mkuu amelipa kwa uhai wake. Leo ni kitabu cha heshima, walimu wa fasihi wanakifundisha, na hakuna anayekishutumu kwa kuhamasisha uasherati. Ninachokiona hapo kinanitia wasiwasi kidogo. Adhabu ya mwisho haikutosha kukiokoa mwanzoni, ila ndiyo iliyokirahisishia njia ya kurudi, kwa sababu mtu anaweza kukifunga kitabu na kusema, "Mnaona alivyoishia?" Rafiki haimpi mtazamaji nafasi hiyo ya kupumua. Kena alipigwa, akatengwa, akaombewa kanisani kama mwenye pepo, kisha akasoma, akawa daktari, akabaki vilevile. Kwa watu waliolelewa kwenye hadithi za "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", guu ambalo halikuvunjika ni kero kubwa kuliko kosa lenyewe.

Sasa tuje kwenye zile siku saba. Katika ukumbi wa Prestige, Barabara ya Ngong, tiketi zilikwisha na maonyesho yakaongezwa. Hili limeandikwa sana, na limetumiwa sana. Wanaoitetea filamu wanalitaja kama kura ya maoni. Lakini nani aliyeingia pale? Ni mtu mwenye nauli na bei ya tiketi, anayeishi au kufanya kazi karibu na maduka makubwa ya Nairobi, mwenye nafasi wiki hiyohiyo, na mwenye udadisi uliochochewa na miezi mitano ya kelele. Wengine walikwenda kwa sababu ya marufuku yenyewe. Hakuna tangazo la biashara lililo bora kuliko katazo la serikali. Wengine walikwenda kwa fahari ya Cannes. Wengine, bila shaka, walikwenda kwa sababu kwa mara ya kwanza maisha yao yalikuwa kwenye kioo kikubwa mjini kwao, wakiwa wamekaa kati ya watu na si wamejificha. Kuwajumlisha wote hao na kusema "Kenya imekubali" ni kuwatumia tu, na kwa kuwatumia huko mtetezi wa filamu hana tofauti na bodi iliyosema "Kenya imekataa" kabla ya Mkenya yeyote wa kawaida kukata tiketi.

Na bado siku zile zinatufundisha kitu. Ukumbi ulijaa watu wazima, filamu ikaanza, filamu ikaisha, watu wakatoka. Hakuna maadili yaliyoporomoka Barabara ya Ngong wiki ile. Walioipenda walisema wameipenda. Walioiona ni nyepesi walisema hivyo pia. Waliokuwa wakiamini kwamba mapenzi ya namna hiyo ni dhambi walitoka na imani yao ikiwa mahali pake. Kutazama hakukuwa kura ya ndiyo wala ya hapana, kama vile kusikiliza kesi ya jirani hakukufanyi shahidi wake. Madai yote ya bodi yalisimama juu ya utabiri kuhusu watazamaji, na hizo ndizo siku pekee, katika miaka yote ya mvutano ule, ambazo utabiri huo ulipimwa mbele ya macho ya watu. Haukutimia.

Nadhani filamu iliwagusa watazamaji wake kwa njia ambayo wapinzani na watetezi wake wote wameipuuza. Muda wote huu tumeichukulia kama filamu ya mapenzi yaliyokatazwa, ilhali kinachoijaza picha baada ya picha ni mtaa. Kuna kibanda cha Mama Atim, ambapo chakula ni kisingizio na biashara halisi ni habari za watu. Kuna madirisha yanayofunguka kidogo mtu akipita. Kuna vijana wa pikipiki na mizaha yao inayoanza kama utani na kuisha kama tishio. Kuna kijana mmoja ambaye mtaa umeshaamua yeye ni nani, anapita kimya huku akitukanwa, na hakuna anayeona ajabu. Halafu Kena akishapigwa, ni yeye anayekuja kukaa karibu naye bila kusema neno. Kuna mama ambaye uchungu wake mkubwa ni watu watasemaje, na kuna baba ambaye anampenda binti yake kwa dhati na wakati huohuo anahesabu kura. Yeyote aliyekulia Buruburu, Magomeni au Kisauni anaujua mtaa huo hata kama hajawahi kukutana na Kena. Anajua kwamba unapokuwa na miaka kumi na minane, kila hatua yako ina wenyewe: namna unavyovaa, unavyokaa, unayetembea naye, saa unayorudi. Msichana aliyeonekana na mvulana wa dini nyingine alipitia dirisha hilohilo. Aliyepata mimba alipitia hapo. Aliyeacha chuo akaimbe bongofleva alipitia hapo.

Ndiyo maana naiita hadithi ya kukua kabla ya kuiita hadithi ya mapenzi. Kena anaanza akiwa na ndoto ya kuwa muuguzi, na ni Ziki anayemuuliza kwa nini asiwe daktari. Swali hilo dogo ndilo jambo la hatari kuliko yote katika filamu ile, kwa sababu linampa Kena wazo kwamba anaweza kujipimia maisha kwa kipimo kingine mbali na kile cha kibanda cha Mama Atim. Mapenzi yao yasingekuwapo, swali lile lingebaki. Mtazamaji ambaye hana haja na mjadala wa mapenzi ya jinsia moja anaweza kulishika swali lile na kuondoka nalo, na ninaamini wengi waliondoka nalo.

Lakini wapinzani wana hoja, na baadhi ya hoja zao ni nzito. Ya kwanza ni sheria. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatoa hadi miaka 14 jela kwa ngono kinyume cha maumbile, na Mei 24, 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Mtumishi wa umma, wanasema, hawezi kuidhinisha kinachoshabikia kosa. Hoja hii ina uzito kwa maana moja: bodi haitungi sheria. Ila kifungu kile kinahusu tendo, wala hakisemi lolote kuhusu hadithi. Kinyume chake, ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inataja ubunifu wa kisanaa kwa jina miongoni mwa uhuru inaoulinda, na yale isiyoyalinda yametajwa pia: propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu, maneno ya chuki. Wizi ni kosa, mauaji ni kosa, na hatujawahi kusikia kwamba filamu yenye mwizi asiyekamatwa ni kosa. Bodi ilijiegemeza kwenye Sheria ya Filamu na Maonyesho ya Jukwaani, iliyoanza kutumika mwaka 1963 kabla bendera ya mkoloni haijashushwa, sheria ambayo ilizaliwa ikiwa na shaka juu ya kile Mwafrika atakachofanya akishatazama. Inanisikitisha kwamba shaka hiyo imerithiwa nzima nzima na kuvikwa kanzu ya utamaduni wetu.

Hoja ya pili ni pesa za nje. Rafiki ilitengenezwa kwa ushirikiano wa nchi kadhaa, nyingi za Ulaya, na ni kweli kwamba mfadhili ana jicho lake na tamasha lina ladha yake. Ni haki kuuliza ni hadithi zipi za Kiafrika zinazopata fedha haraka na zipi zinaachwa zisubiri. Mimi mwenyewe nauliza. Lakini Supa Modo, ile iliyopelekwa Oscar kwa niaba ya Kenya na kushangiliwa na kila mtu, nayo ilisimama kwa msaada wa Kijerumani, na hakuna aliyesema mtoto mgonjwa anayeota kuwa shujaa ni ajenda ya Berlin. Tukiwa na nia ya kweli ya kuondokana na mkono wa mfadhili, tuanze na mfuko wa filamu wa kwetu wenyewe wenye fedha za maana. Kuitaja pesa ya nje pale tu hadithi isipotupendeza ni kutafuta fimbo.

Ya tatu ndiyo inayonifikirisha zaidi, nayo husemwa kwa utulivu na watu ninaowaheshimu. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia: hatukatai kwamba mambo haya yapo, tunakataa yaanikwe. Watu wengine huiweka hoja hii vibaya, wakadai kwamba Mwafrika hakuwahi kuzungumza na vijana kuhusu mwili. Hilo si kweli hata kidogo kwa mtu wa pwani au wa kusini mwa Tanzania. Jando na unyago vilikuwa shule, na somo la mwili lilikuwa wazi kuliko darasa lolote la leo. Bi Kidude alipiga ngoma ya unyago Zanzibar hadi uzeeni, na aliyoyaimba akina mama wakiwa peke yao hayakuwa ya kuonea haya. Ila mzee wangu yule angenijibu, na angenijibu vizuri, kwamba unyago ulikuwa na mlango. Waliingia wa rika fulani, wa jinsia fulani, kwa wakati wake, pamoja na somo, yaani kungwi, wa kuwaongoza, na ulimwelekeza binti kwenye ndoa. Sinema haina mlango. Hapo ndipo penye mazungumzo ya kweli. Na jibu langu ni kwamba daraja la umri ndilo mlango wetu wa leo. Ukiweka 18, ukamsimamia mwenye ukumbi, ukamwambia mzazi kilichomo ndani, umejenga mlango. Amri ya Jaji Okwany ilifanya hivyohivyo iliposema watu wazima walioridhia, na mlango ule ulishika. Marufuku ni jambo tofauti: ni kubomoa nyumba kwa kuhofia nani ataingia, halafu vijana wakaitafuta filamu kwenye simu ambako hakuna mlango wala somo.

Iliyo dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo iliyoandikwa kwenye tangazo la marufuku, ni ile isemayo kuonyesha ni kuhamasisha. Fikiria tamthilia za Kituruki na za Kifilipino zinazoingia sebuleni kwetu kila jioni: wanaume wenye nyumba mbili, wake wanaowatilia sumu mawifi, watoto walioibwa hospitalini, mirathi iliyopatikana kwa kughushi. Bibi na wajukuu wanakaa pamoja wanatazama, na kesho yake hakuna wimbi la wanaotiliana sumu. Tunaelewa vizuri sana, tukitaka kuelewa, kwamba mtu hutazama tendo ili alihukumu, alishangae, alihurumie, au ajifunze jinsi watu wanavyoumia. Na katika Rafiki, ni kipi hasa kilichopambwa? Wasichana wale wanapoteza marafiki, nyumba, amani na damu. Kijana anayeitazama akiwa na siri kifuani hatatoka akisema maisha haya ni mteremko. Atatoka akijua yatamgharimu, na huenda pia kwamba gharama si lazima iwe uhai wake. Wanaosema ujumbe huo ni uhamasishaji wangepaswa kusema waziwazi kile ambacho wangependa kijana huyo aamini badala yake. Bodi hiyohiyo mwaka 2017 ilidai katuni kadhaa za watoto ziondolewe hewani kwa sababu hiyohiyo, na mwaka 2014 iliikataza Stories of Our Lives ya Jim Chuchu na wenzake wa kundi la Nest, kisha 2021 ikaikataza I Am Samuel, ambayo ni filamu ya maisha halisi. Neno lilelile limetumika kwa katuni, kwa hadithi ya kubuni na kwa maisha ya mtu aliye hai. Kigezo kinachonasa vitu vitatu visivyofanana kiasi hicho hakipimi kitu. Nao si mchezo wa maneno tu: Uganda, kwa sheria yake ya 2023, imeufanya uhamasishaji kuwa kosa lenye adhabu ya hadi miaka 20.

Ili nisionekane nadhani kila malalamiko ya hadhira ni kisingizio, tutazame Afrika Kusini mwaka uleule wa 2018. Filamu ya Inxeba ya John Trengove, juu ya wanaume wa Kixhosa wanaopendana wakiwa milimani kwenye ulwaluko, yaani jando la Waxhosa, ilizusha maandamano Eastern Cape, kumbi zikafuta maonyesho, na mwigizaji wake mkuu, Nakhane, akatishiwa maisha. Februari, baraza la rufaa la bodi ya filamu lilipandisha daraja lake kutoka 16 hadi X18, daraja la ponografia, na kwa hatua hiyo likaitoa kwenye kumbi za kawaida. Mwezi Juni Mahakama Kuu ya Pretoria ikalitengua. Wapo waliochukia tu kuona wanaume wawili pamoja. Lakini kulikuwa pia na watu waliokuwa na shitaka halisi: kwamba mambo ya mlimani hayasemwi kwa ambao hawakupanda, na kwamba mwongozaji mwenyewe hakuwa mtu wa mila ile. Shitaka hilo linastahili kusikilizwa, na kujibiwa kwa hoja na waandishi Waxhosa walioshiriki kuiandika filamu. X18 haikulijibu. Iliwachanganya waliolinda siri ya mila na waliotaka kuwafuta watu fulani, na hadi leo kuwatenganisha ni kazi.

Niseme pia kuhusu sifa za kigeni, maana nazo zimechangia kupotoka huku. Makala nyingi za Ulaya na Marekani kuhusu Rafiki ziliitaja marufuku kwenye sentensi ya kwanza na hazikufika kwenye filamu. Mkenya aliyeitazama aligeuzwa ama shujaa ama mtu wa kuokolewa. Hakuna aliyejali kusema kwamba ugomvi wa kisiasa wa wale baba wawili haukukomaa, au kwamba maneno wanayoambizana wapenzi wakati mwingine ni mepesi kuliko nyuso zao, au kwamba rangi za waridi na zambarau na muziki wa wasanii wa kike wa Kenya zinabeba kazi ambayo maandishi yameiacha. Kahiu ametumia miaka akidai sanaa ya Kiafrika yenye furaha, isiyolazimika kila mara kubeba vita na njaa. Kisha filamu yake ya furaha ikabebeshwa kesi, na hakuna aliyeihakiki tena kama filamu. Huo nao ni unyang'anyi, ingawa umefanywa kwa makofi.

Madhara yake naona yameanza kujitokeza mahali pasipoonekana kwa urahisi, kwenye meza ya mwandishi. Anayeandika leo hadithi ya kijana anayejitafuta, awe ni kijana wa kiume asiyetaka kurithi biashara ya babake, au binti anayetaka kuvua alichovalishwa, anajua tayari ni mwisho upi utakaompitisha na upi utakaomgharimu miaka mahakamani. Atachagua ule wa kwanza bila mtu kumwamuru. Hadhira italetewa miisho ya majuto mfululizo, na baada ya muda tutaambiwa kwamba hiyo ndiyo ladha ya Wakenya, Watanzania na Waganda.

Kwa hiyo ninachokitaka kwa bodi za filamu za kanda hii ni kidogo na kinapimika. Zipange umri, zisimamie milango ya kumbi, zimweleze mzazi kwa lugha anayoielewa kilichomo ndani. Zikikataza filamu, zichapishe ni onyesho gani limevunja kifungu gani, ili aliyeitazama na asiyeitazama wabishane juu ya kitu kimoja. Na lolote litakalokuwemo kwenye barua ya bodi kwa msanii, lisiwe agizo la jinsi hadithi yake inavyopaswa kwisha.